Mwanamke wa Chini ya Bahari na Jumamosi Zangu

Uchovu una aina nyingi, na mwaka ule nilikuwa nazijua karibu zote. Kuna wa miguu, kuna wa mgongo, na kuna ule wa macho unaokujia ukiwa umekaa mahali penye joto na mtu anakueleza jambo zuri. Huo wa mwisho ndio ulionikamata siku Madame alipofungua kitabu kikubwa mezani na kuanza kutusimulia habari za mwanamke asiye na vidole.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Ganshoren, kwenye akademi ya manispaa ambako watu wazima wanajifunza kuchapa picha. Mimi sikusoma sana. Shule niliiacha Lubumbashi kabla ya diploma ya sekondari, na nilipofika Brussels kwa mama yangu mdogo, kazi niliyoipata ni kusafisha ofisi upande wa Schuman kabla watu wa tai hawajafika. Nikimaliza ofisi nashuka Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenye galeri ya maduka, ambako Mama mdogo anasuka nywele. Namfagilia, namtenganishia mèche, zile nywele za kuongezea, namletea chai. Jumamosi peke yake ndiyo ilikuwa yangu. Ofisi zimefungwa, na mimi napanda metro hadi Simonis, halafu tramu, kichwa kwenye kioo, mara nyingi nikipitiliza kituo kwa usingizi na kurudi kwa miguu.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachukua kipande cha lino, kitu kama zulia gumu la sakafuni, unakichonga kwa kisu chenye mdomo wa kijiko. Ulipochonga patabaki peupe, ulipoacha patashika wino. Halafu unaweka karatasi juu, unagandamiza, unainua. Hicho kitendo cha kuinua karatasi kwangu kilikuwa kama kufungua mlango wa nyumba ambayo hujui ndani kuna nani. Kwa ajili ya kitendo hicho nilikuwa tayari kukosa usingizi wa wiki.

Madame, mwalimu wetu, ni mama wa makamo, nywele fupi nyeupe, aproni ambayo rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Alisema picha za kitabu kile zimechapwa na Wainuit, watu wa barafu, kule juu kabisa ya Kanada. Wao walianza kwa kuchonga jiwe: mmoja anachora, mwingine anachonga, halafu wanalitia jiwe wino na kusugua karatasi kwa mkono hadi picha itoke. Wengi walichora yale waliyosimuliwa na bibi zao. Akatuonyesha mwanamke aliye chini ya bahari.

Hadithi yake, kama Madame alivyoisema, kwa sababu kila kijiji kina namna yake: msichana yumo mtumbwini na baba yake, dhoruba ikaja, baba akaogopa, akamtupa majini. Msichana akashika ukingo. Baba akamkata vidole, pingili kwa pingili, na kila pingili iliyoanguka ikawa mnyama: sili, yule mnyama wa baharini mwenye macho kama ya mtu anayetaka kulia, nyangumi, na wale wenye meno marefu kama ya tembo. Yeye akazama, akawa mwenye wanyama wote wa bahari. Watu wakikosa adabu, uchafu wa makosa yao unashuka na kunasa kwenye nywele zake. Na yeye hana vidole vya kujichana. Anakasirika, anawazuia wanyama, na watu wa juu wanalala njaa. Hapo mganga inabidi ashuke kwa roho hadi chini, amchane, amsuke, ndipo anawaachilia wanyama.

Nilikuwa nimeegemeza shavu kwenye lino. Nilinyanyuka.

Siku ile nikaenda galeri nikiwa nimejaa hadithi, lakini Mama mdogo naye alikuwa na lake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mteja, jambo asilolifanya kamwe, anakunja na kukunjua mikono.

"Samedi ni siku gani ku salon?" akaniuliza.

"Ya watu wengi, Mama."

"Na weye uko wapi?"

"Ku akademi."

"Uko nachonga plancher." Sakafu, ndivyo alivyoiita lino yangu. Akaitazama mikono yake. "Bidole yangu inalala. Minakamata peigne ya kuchania, ni kama minakamata na mukono ya muntu mwingine. Docteur anasema bon, repos, opération, tutaona. Mi nikipumuzika, kiti yangu itakaliwa na nani? Unajua kusuka. Donc, samedi uwe hapa."

Mama mdogo ndiye aliyenilipia tiketi ya ndege, ndiye aliyenipa kitanda, na hajawahi kunikumbusha. Mtu wa namna hiyo ni vigumu sana kumkatalia. Nadhani aliona uso wangu, maana alipumua kwa nguvu.

"Ile fête yenu ya kuonyesha mapicha, ni wakati gani?"

"Mwisho wa mwezi ujao, dimanche."

"Bon. Nitakuya. Nikiona kintu yenye kunisemesha, utaendelea. Nikiona ni mapicha ya batoto tu, samedi inakuwa ya salon. Tumepatana?"

"Tumepatana, Mama."

Kwa hiyo nilikuwa na picha moja tu ya kuokoa Jumamosi zangu zote.

Ya kwanza niliyochonga ilikuwa nzuri, hata mzee mstaafu anayekaa kando yangu, ambaye huchonga paka wake tu, aliacha paka akaja kutazama. Sili watatu, mwanamke, mawimbi. Madame aliitazama kwa muda.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hii ni yao. Mawimbi haya ni yao, sili hawa ni wao, hata mkunjo huu wa mkia. Umeyatoa kitabuni." Hakusema kwa ukali. Alifungua kurasa za nyuma, akanionyesha kazi ya msichana wa huko, rika langu, wa siku hizi hizi. Alimchora mwanamke yuleyule, nywele zimejaa chupa za plastiki na nyavu zilizokatika. "Huyu hadithi ni ya bibi yake, ana haki nayo, na bado hakurudia ya bibi. Wewe si mjukuu. Sema ulikoipata, kila mara, na usijifanye wa kule. Lakini ulipoisikia, uliona nini?"

Nilifikiri tramu nzima hadi Simonis. Sikuwa nimeona sili. Barafu ninayoijua ni ya Brussels, ile ya asubuhi kwenye ngazi za ofisi, ambayo nainyunyizia chumvi. Nilichokiona, kusema ukweli, kilikuwa kichwa. Kichwa cha mteja aliyekaa muda mrefu bila kusukwa, na mtu amesimama nyuma yake na kitana, anawaza aanzie wapi.

Wiki zile nilitembea kama mtu aliyezama. Asubuhi, kwenye korido ndefu za ofisi, mashine ya kufyonza vumbi ilinifuata kama sili, na taa za bluu za kompyuta zilizosahaulika ziliwaka kama samaki wa kilindini. Nilikuwa nacheka peke yangu, na nimechoka hivi kwamba siku moja nilimwaga ndoo ya maji machafu kwenye sinki la kahawa nikasimama pale nikilitazama, nikingoja liniambie la kufanya.

Galerini nilianza kuokota vipande vya mèche sakafuni na kuvitia kwenye mfuko. Maman mmoja wa Bukavu, mteja wa siku nyingi, mwenye mdomo, alikuwa ameinamisha kichwa mikononi mwa Mama mdogo, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Uyu mutoto anafagia kama anaota. Unapeleka wapi bile bimèche?"

"Nachapia picha, maman. Picha ya hadithi ya watu wa barafu."

"Barafu? Weye mutoto wa Katuba ya Lubumbashi, barafu uliona wapi? Ku frigo ya jirani."

Watu wa viti vya jirani wakacheka, nami nikacheka. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa amesimamisha mkono hewani, anautikisa, kama unavyotikisa kalamu iliyokauka.

Mèche ilinipa taabu. Nilitaka nywele za yule mwanamke zisiwe za kuchonga. Nilitaka nywele zenyewe zitiwe wino zijichape. Mara ya kwanza likatoka doa, kama mafuta ya gari kwenye lami. Madame akasema nipunguze wino. Nikapunguza, likatoka doa dogo. Mwishowe nikaacha kufikiri kama mchapaji, nikafanya kama tunavyofanya galerini: nikazilowesha kidogo, nikagawa mafungu, nikachana kuanzia nchani kwenda juu, taratibu, fungu kwa fungu, halafu rola ya wino ikapita juu nyepesi. Nilipoinua karatasi, kila unywele ulikuwa umesimama peke yake, mweusi, mwembamba, unaelea. Lakini mashine ya kuchapia ikishagandamiza mara moja, mèche zinanata na kujifunga upya. Kwa hiyo kila nilipotaka chapa nyingine ilinibidi kumchana tena, kutoka mwanzo. Mabega yaliniuma kama siku za harusi pale galerini, wakati kila mtu anataka kusukwa siku moja.

Chini ya nywele nilichonga uso uliofumba macho na mikono miwili iliyoishia kwenye viganja. Pembeni, juu kidogo, mkono wa mtu mwingine unaingia na kitana. Mtu mwenyewe haonekani. Kwenye kikaratasi cha ukutani niliandika kwamba hadithi ni ya Wainuit na nimeisikia kwa mwalimu wangu. Madame alipoisoma aliniwekea mkono begani, akauacha pale, akaenda kuosha rola.

Jumapili ya maonyesho Mama mdogo alitoka kanisani moja kwa moja. Kitenge cha kijani, koti zito juu yake, viatu vya kubana. Alimsalimia Madame kwa heshima, akakataa juisi, akaanza kuzunguka ukuta picha kwa picha, mikono nyuma, kama mkaguzi. Kwa paka wa mzee mstaafu alisimama.

"Uyu papa anapenda chat," akanong'ona. "Bibi yake alishaona hii?"

"Mke wake alikufa, Mama."

"Ah. Bon." Akaitazama tena ile picha ya paka, safari hii kwa upole, akapita.

Halafu akafika kwangu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nikaona mgongo wake unakakamaa.

Lazima nieleze. Kwetu Lubumbashi, mtu yeyote wa rika la Mama mdogo anamjua Mamba Muntu: mwanamke wa majini, juu mtu, chini samaki, nywele ndefu, kitana mkononi. Ukipata unywele wake anakujia ndotoni kuudai, na ili umrudishie anakupa utajiri, lakini malipo unayatoa kwa roho ya mtu wa nyumbani kwako. Zamani picha yake ilitundikwa sebuleni kwa watu wengi, hata kwa babu yangu. Familia ilipoingia kanisa la maombi, babu aliishusha akaichoma nyuma ya nyumba, na aliyetumwa kuleta mafuta ya taa alikuwa Mama mdogo, bado msichana. Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimemchana yule mwanamke mara zisizo na hesabu, na haikunijia hata siku moja kwamba mtu wa kwetu akimtazama atamwona nani.

"Unamujua uyu?" akaniuliza, kwa sauti ya chini.

"Si yule, Mama."

"Iko mu maji. Iko na nywele. Peigne ile pale. Juu ya nini unaniambia si yeye?"

"Peigne si yake."

"Baba yangu alimuchoma, mi niko naangalia. Njo weye unapanda avion, unavuka, unaenda kumutafuta tena? Na unamutengenezea na bimèche ya salon yangu?"

Akatoka. Si kwa hasira ya kishindo. Alitembea taratibu hadi koridoni, akakaa kwenye benchi chini ya makoti ya watu, karibu na radieta ya kupashia joto. Nilipokaa kando yake nilijiona kama gunia lililomwagwa. Nilijua Jumamosi zimekwenda. Cha ajabu, nilichokitaka zaidi wakati ule kilikuwa kulala, hapo hapo, na kichwa changu kwenye koti la mtu nisiyemjua.

Lakini sikupenda aende nyumbani akiamini kwamba nimemletea shetani. Nikamsimulia. Mtumbwi, dhoruba, baba, ukingo.

"Baba yake mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Pingili kwa pingili?"

"Ndiyo vile Madame alisema."

Niliendelea: wanyama, uchafu, nywele kujifunga, watu kulala njaa, mganga kushuka.

"Ngoja," akasema. "Ile maji ni ya chumvi?"

"Ni bahari, Mama."

"Kila siku mu chumvi, bila mafuta. Ile nywele imekuwa kamba. Sasa uyu mwenye kushuka, anaanzia wapi?"

"Sijui. Hawakusema."

"Ku ncha. Akianzia ku mizizi, atamupiga."

"Hana vidole vya kumpigia."

Alitoa pumzi fupi puani, ambayo kwa Mama mdogo ni kicheko. Halafu mtu mmoja akaja, akachukua koti lake juu ya vichwa vyetu, akaomba radhi, akaondoka.

"Twende nione tena," akasema.

Safari hii hakutazama nywele. Alisogea hadi kikaratasi cha ukutani kikamgusa bega, akatazama mikono. Mikono ile niliipata nyumbani, jioni moja, yeye amelala kwenye kochi mbele ya televisheni. Mtu aliyechoka sana hulala na mikono yake imegeuka juu, vidole vimekunjika ndani, na kwa mbali huvioni.

"Iyi mikono uliangalia ya nani?"

"Yako, Mama. Ulikuwa umelala."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa." Akatia mikono mifukoni mwa koti. Alikaa pale mbele ya picha muda ambao mtu wa kanisa lake hakai mbele ya kitu cha namna ile. Madame alikuja akasimama upande wa pili, akitaka kusema neno, nikamtikisia kichwa, akaelewa.

Hukumu niliipata kituoni, tukingoja tramu, upepo unatupiga.

"Samedi asubuhi ni yako," Mama mdogo akasema, akitazama upande tramu inakotokea. "À midi, saa sita, uko ku salon. Si saa sita na robo."

"Ndiyo, Mama."

"Kiti yangu utakaa weye nikienda kwa opération. Na ile picha haiingie ku nyumba yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Si juu ya kuogopa."

"Hapana, Mama."

"Ni juu batu ya prière banakuyaka kuomba ku nyumba kila jeudi. Nitabaeleza nini?"

Kwa hiyo picha inakaa Ganshoren, kwenye droo ya Madame, na mimi Jumamosi zangu sasa zina vipande viwili, na vyote viwili vinachosha. Asubuhi nachonga. Mchana nasuka, na jioni mikono yangu yenyewe inaanza kulala kidogo, jambo ambalo bado sijamwambia mtu. Mama mdogo alipasuliwa mkono wa kulia. Anakaa kwenye kiti cha dirishani na bandeji, ananisahihisha njia za nywele kwa kidevu, na kwa sababu hana la kufanya, anapiga stori.

Jumamosi iliyopita yule maman wa Bukavu alikuwa mikononi mwangu, na Mama mdogo akaanza: eti palikuwa na msichana mmoja, Ziwa Tanganyika, na baba yake, mu mutumbwi.

"Mama," nikasema, "si Tanganyika. Ni ya watu wa barafu."

"Nani ataelewa barafu hapa?"

"Ni yao, Mama. Inabidi kusema ni ya nani."

Akanitazama, akamtazama mteja. "Bon. Palikuwa na msichana, mu barafu, ni pande ya Canada, si kwetu." Akaisimulia yote, na kwa mikono ya mtu mwenye bandeji aliisimulia vizuri kuliko mimi. Alipofika kwenye ukingo wa mtumbwi maman wa Bukavu aligeuza shingo, nikamrudisha kichwa polepole.

"Na mama yake?" maman akauliza. "Mama ya uyu mutoto alikuwa wapi?"

Mama mdogo akanigeukia. Wote wawili wakanitazama kwenye kioo. Nilikuwa na mèche moja menoni na nyingine mkononi. Nikawaambia nitamuuliza Madame Jumamosi ijayo.